Kutunga Nyimbo za Injili kwa Kujitegemea Ukiwa Dodoma

Mtunzi wa nyimbo za Injili anayeanza Dodoma bila mfadhili asikimbilie studio. Aanze na kwaya, kwa sababu waimbaji wanaojifunza wimbo kwa kusikia hufichua upesi mstari usiotamkika na sauti ya kwanza iliyopandishwa kupita kiasi. Andika wimbo kwa solfa (noti za do, re, mi), sauti zote nne, umkabidhi mwalimu wa kwaya, kisha ukae benchi la nyuma usikilize bila kuingilia. Pale wanapokosea mara tatu mfululizo, kosa ni lako: futa, andika upya.

Usione haya kuchota kwa Wagogo, wenyeji wa Dodoma. Zeze, ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na muheme, ngoma inayopigwa na wanawake, vina mwendo ambao kinanda cha studio, kwa maoni yangu, hakijawahi kuuiga vizuri.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu unapoitunga, ila kuisajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hukupa ushahidi siku mwingine atakapodai ni yake. Mwimbaji akitaka wimbo wako, andikianeni, hata kama mnasali kanisa moja, mkieleza iwapo anapewa ruhusa ya kurekodi tu au anahamishiwa haki zote, na jina la mtunzi litatajwa wapi. Dai nusu ya malipo kabla ya kukabidhi mashairi. Shamba la zabibu au duka linalokulisha usiliache bado.