Usaili wa kampuni kubwa ya teknolojia: fikiri kwa sauti

Katika usaili wangu wa kwanza nilinyamaza dakika kumi na mbili nzima. Nilikuwa Tanga, sebuleni kwa shangazi, msaili yuko Dublin, nami nachorachora kwenye karatasi asiyoiona. Jibu nililipata, tena sahihi. Wiki iliyofuata wakanikatalia.

Leo nami nasaili wengine, na sababu naiona waziwazi: msaili huandika alichokisikia. Google, kwa mfano, maelezo hayo husomwa na kamati ya watu ambao hawajawahi kukuona. Ukikaa kimya, hawana cha kusoma. Nyumbani tumefunzwa kulipima neno kabla ya kulitoa; kwa dakika 45 za usaili, litoe likiwa bado bichi.

Tuseme umepewa orodha ya namba, uandike programu ya kutafuta mbili ambazo jumla yake ni 10. Usikimbilie kuandika. Uliza: kuna namba hasi? Zinajirudia? Orodha ni ndefu kiasi gani? Kisha itaje njia ya wazi hata kama unaiona ya kitoto: kulinganisha kila namba na kila mwenzake. Zikiwa 10,000, hizo ni jozi karibu milioni 50. Piga hesabu hiyo kwa mdomo, asikie. Halafu endelea: "Nikipita mara moja huku naziweka kwenye jedwali namba nilizoziona, nikifika 7 nauliza tu kama 3 imeshapita." Sasa ni hatua 10,000, ila jedwali linakula kumbukumbu ya kompyuta. Litaje hilo kabla hujaulizwa.

Hapo ndipo uandike. Ukimaliza, chukua mfano mdogo, 3, 8, 2, uupitishe mstari kwa mstari. Tafadhali usiliruke hili. Nimeona vijana hodari sana wakiangushwa na kosa ambalo namba hizo tatu zingelifichua.

Jizoeze kwenye hati tupu isiyokumalizia maneno, na mtu akusikilize. Mdogo wangu wa kidato cha pili alinisikiliza wiki sita, haelewi programu hata kidogo, lakini kila mara alisema, "Dada, umenyamaza tena."

Maswali ya kazi ulizowahi kufanya yana mtego wa adabu zetu. Amazon huyajenga juu ya kanuni zao 16 za uongozi, na sisi hujibu "tulitengeneza", "tulirekebisha". Msaili hakuoni ndani ya hiyo "tu". Sema wewe ulifanya lipi, na wapi palikushinda.

Ukishaajiriwa mazoea haya utayahitaji kila siku, maana badiliko lako la programu husomwa na mwenzako kabla halijapokelewa, naye atauliza kwa nini.

Mwisho, saa ya usaili. Saa 4 asubuhi ya London ni saa 7 mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa 6 mchana wakati wa kiangazi chao. Iandike kwa saa za kwetu, uibandike ukutani, na bando ununue jana yake.