Somo: Kutambua mpini wa upanga wa Kirumi kwenye sanamu na mawe ya makaburi

Wengi wakiona picha ya askari wa Kirumi wa jiwe hukimbilia mpini, wanaukuza kwenye simu, kisha wanauliza: hii ni gladiusi (upanga mfupi) au spatha (upanga mrefu)? Huko ni kuanzia mwisho. Mpini wa jiwe umepita kwa watu watatu kabla ya kukufikia: mhunzi aliyetengeneza upanga wenyewe, mchongaji aliyeunakili au kuubuni, na mara nyingi fundi wa karne za baadaye aliyeziba palipovunjika. Kazi yetu ni kuwatenganisha hao watatu.

Kwanza majina ya vipande. Ubapa wa upanga unaishia kwenye msuka, na msuka huo huvishwa vitu vitatu: kikingio kinachokaa juu ya mdomo wa ala, mshikio wa kiganja, na kirungu cha mwisho. Ncha ya msuka hutokeza juu ya kirungu na kufungwa kwa kifundo kidogo cha chuma au shaba. Kikumbukeni kifundo hicho.

Hatua ya 1: Hakikisha jiwe ni la kale

Tafuta mstari wa kiungo, rangi ya marumaru inayobadilika ghafla, au ukingo mkali mno kuliko sehemu nyingine za sanamu. Mfano maarufu ni sanamu ya Mgalia (Mkelti wa kale) anayekata roho, iliyoko makumbusho ya Capitoline, Roma. Mkono wake wa kulia, pamoja na sehemu ya kitako cha sanamu ulipolala upanga, ni ukarabati wa karne ya 17. Ukiuchukua upanga ule kama ushahidi, unasoma fikra za fundi wa enzi hizo kuhusu silaha za kale, basi.

Hatua ya 2: Tazama ubavu kabla ya mpini

Katika karne ya 1 askari wa kawaida alivaa upanga kulia na kisu cha vita, yaani pugio, kushoto. Senturioni, yaani kamanda wa kikosi cha askari kama themanini, alivaa kinyume chake. Jiwe la kaburi la Marcus Favonius Facilis, senturioni wa Legio XX (jeshi la ishirini la Kirumi), lililopatikana Colchester nchini Uingereza mwaka 1868, linaonyesha hivyo: upanga kushoto, pugio kulia, na fimbo ya mzabibu mkononi kama alama ya cheo. Kufikia karne ya 3 upanga mrefu ulikuwa umehamia kushoto hata kwa askari wa kawaida, ukining'inia kwenye mkanda mpana unaotoka begani. Kwa hiyo ubavu peke yake unakupa ama cheo ama enzi, hata kama mpini umelika wote.

Hatua ya 3: Usome mpini wenyewe

Anza na kirungu. Cha gladiusi ni cha mviringo au cha umbo la yai, kimenenepa, na mchongaji makini huweka kile kifundo juu yake. Mshikio una mabonde manne ya vidole, na ukiukata kwa msumeno mara nyingi ungeona pembe nane. Mingi ilitengenezwa kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe. Kikingio ni kipana na kinene, kama nusu ya yai iliyolazwa, na si fito mbili nyembamba. Ukiona kikingio chembamba cha msalaba, shuku mara moja kuwa mchongaji amefuata mtindo wa Kigiriki.

Pugio ndiyo inayowakanganya watu zaidi. Mpini wake ni bapa, si wa mviringo, una uvimbe katikati ya mshikio, na mwisho wake hauna tufe. Linganisha zote mbili kwenye jiwe moja: kaburi la Annaius Daverzus wa kikosi cha nne cha Wadalmatia, lililopatikana Bingerbrück na sasa liko Bad Kreuznach, Ujerumani. Mikanda miwili inapishana kiunoni, gladiusi kulia, pugio kushoto. Ukishauona uvimbe ule wa pugio mara moja, hutakosea tena.

Mpini wenye kichwa cha ndege una hesabu yake. Watawala wanne wa jiwe jekundu la porfiri, waliopachikwa kwenye kona ya kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, wameshika panga zenye vichwa vya tai. Sanamu hizo za mnamo mwaka 300 zilitoka Konstantinopoli. Mguu uliokosekana wa mmoja wao ulipatikana Istanbul, jina la leo la mji huo.

Hatua ya 4: Uliza nani alichonga, na wapi

Hapa nina upande. Nguzo ya Trajan, nguzo ndefu ya Roma ya mwaka 113 iliyochongwa vita vya kaisari huyo, ndiyo inayotajwa kuliko zote, lakini kwa mipini mimi naiweka nyuma ya makaburi ya kando ya mto Rhine. Wachongaji wa Roma walikuwa mbali na kambi za mpakani, na askari wao ni wadogo. Fundi wa Mainz, mji wa kambi kando ya Rhine, aliwaona askari kila siku, na mteja wake alikuwa askari aliyetumika pamoja na marehemu, mtu ambaye angemsahihisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwenye Nguzo ya Trajan mbona askari wengi wamekunja ngumi lakini hawana kitu mkononi?
Jibu: Marahaba. Wataalamu wengi wanaona kuwa silaha hizo ziliwekwa kwa chuma au shaba kando ya jiwe, zikapotea baadaye. Usiandike "hana upanga". Andika "upanga haupo".

Swali: Kaka, niko Mwanza, Roma siijui. Nifanyie wapi mazoezi?
Jibu: Picha za makumbusho zipo bure mtandaoni. Chagua zilizopigwa mwanga ukitoka kando, maana mwanga wa mbele unafuta mabonde ya vidole kabisa. Walioko London waende Victoria and Albert, kuna nakala ya plasta ya Nguzo ya Trajan, imekatwa vipande viwili kwa kuwa dari halikuitosha.

Swali: Nina picha ya mpini ulioishia kwa pete tupu. Ni bandia?
Jibu: La, dada. Panga za kirungu cha pete zilitumika na Warumi katika karne ya 2. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba panga nne zimepatikana pangoni karibu na Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi. Tatu ni spatha, ya nne ni fupi na ina pete. Baadhi ya mipini ya mbao ilikuwa bado imebaki.

Swali: Kichwa cha tai maana yake mwenye upanga ni kaisari?
Jibu: Hapana. Miungu na sanamu za kuwakilisha sifa, kama Virtus (ushujaa), nao huchongwa wakiwa na mpini huo. Unaonyesha heshima ya mhusika. Kama kweli aliuvaa kiunoni, hilo halithibitishwi na jiwe.

Swali: Je, naweza kujua mpini ulikuwa wa mbao au mfupa?
Jibu: Kwa jiwe tupu, huwezi. Zamani jiwe lilipakwa rangi, na pengine rangi ndiyo ilikuwa inajibu swali lako. Ukitaka kujua vifaa, nenda kwenye vitu halisi: upanga wa Rheingönheim, ulioko Speyer, una mpini wa mbao uliovishwa fedha.