Kabla hujalipia RAM ya kompyuta ya nyumbani, soma lebo

Anza kwa kuhakikisha kwamba shida yako ni RAM kweli, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Fungua kila kitu unachotumia siku ya kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie kumbukumbu na diski kwenye sehemu ya Performance. Ikiwa kumbukumbu haijafika hata nusu na diski imekwama kwenye asilimia 100, usiende Luthuli, ule mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi, kutafuta RAM. Pesa hizo nunulia SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Windows ikiwa ya biti 32, haitakupa zaidi ya GB 4 hata ujaze sloti zote, yaani nafasi za kuchomekea RAM. Ukurasa huohuo wa kumbukumbu utakuonyesha ni sloti ngapi zimetumika na ngapi ziko wazi. Andika.

Jua kizazi cha RAM yako pia. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, pengo la kila moja, ule mkato kwenye ukingo wa kipande, liko mahali pake. Usikadirie kwa macho, kwa sababu HP EliteDesk 800 G1 hutumia DDR3 na G2, inayofanana nayo sana, hutumia DDR4. Zile kompyuta ndogo za kufungwa nyuma ya skrini hutumia RAM fupi ya laptopu. Njia salama ni kuchomoa kipande kilichomo, kukifunga vizuri na kwenda nacho dukani.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia. RAM ya seva, zile kompyuta za kuhudumia nyingine kwenye mtandao, na RAM ya nyumbani, kwa DDR3 na DDR4, zina umbo moja. Ya seva inaingia kwenye sloti yako bila ubishi, inabana vizuri, kisha mashine inakataa kuwaka. Na kwa kuwa haina soko kwa watu wa nyumbani, huuzwa bei ya chini inayovutia kweli.

Jirani yangu wa Umoja huchapia wanafunzi kazi zao kwa kompyuta ya mtumba yenye GB 4. Alienda mjini kutafuta ya kuongeza, akaonyeshwa kipande cha GB 8 kwa bei ya chini kuliko kwingine kote. Alipouliza kama itafanya kazi, muuzaji akakipima kando ya kile cha zamani: urefu sawa, pengo sawa, basi itafanya. Akalipa kwa M-Pesa, akaondoka bila risiti. Nyumbani mwanawe alipoiweka, skrini ikabaki nyeusi na mashine ikaanza kulia pii, pii. Wakasukuma kwa nguvu zaidi hadi kibanio cha sloti kikavunjika. Wakaita fundi, naye akasema pawasapulai, kifaa cha kuipa mashine umeme, imekufa, akauza nyingine. Mlio ukabaki uleule. Kazi za wateja zilikuwa zimelala ndani ya mashine wiki ya kukabidhi, na wanafunzi wanapiga simu.

Niliposhika kile kipande, jibu lilikuwa kwenye lebo: 2Rx4 PC3-10600R. Hiyo R ya mwisho ndiyo ya seva. Ya kompyuta ya kawaida ingeishia na U, na ya laptopu S. Kila upande chipu zilipangwa safu mbili, na katikati kulikuwa na chipu nyingine yenye umbo la peke yake, jambo ambalo huwezi kuliona kwenye RAM ya nyumbani. Tulikitoa, tukarudisha kile cha GB 4 kwenye sloti nzima, ikawaka. Dukani jirani akaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi. Pawasapulai mpya alikuwa ameshailipia.

Kwa hiyo geuza kipande usome kabla simu haijatoka mfukoni. Kwa DDR4 herufi hiyo hufuata kistari, kama PC4-2400T-U. Lebo ikiwa imechunwa, rudisha. Muuzaji akikuharakisha, rudisha pia. Dai risiti yenye muda wa kurudisha, na ukiweza beba mashine yenyewe, ijaribiwe mbele yako hadi Windows ifunguke na GB zionekane zote.

Kuweka si kazi ngumu. Hifadhi faili zako kwanza. Zima, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Laza mashine, gusa chuma cha kasha kabla hujagusa chipu, na ushike kipande kwa kingo tu. Linganisha pengo, bonyeza ncha zote mbili hadi usikie mlio wa vibanio, ka! Pengo lisipolingana, acha, usisukume. Madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, yenye sloti nne mara nyingi hutaka vipande viwili vikae sloti ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Vipande viwili vya ukubwa mmoja huipa mashine kasi kuliko kimoja, ila ukichanganya kasi tofauti vyote hufuata kile cha polepole.

Ikiwaka, usishangilie bado. Tafuta mdsched, kikaguzi cha RAM kilichomo kwenye Windows, uiache ikague RAM yote, hata ikichukua usiku mzima. RAM mbovu inaweza kuharibu faili kimyakimya kwa wiki kadhaa kabla hujaona skrini ya buluu. Kile kipande cha zamani usikiuze mapema. Na mtu akikuambia ubadilishe volteji kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, ili RAM ikubali, mwambie asante, funga kasha. Kama kuna dalili ya umeme kupotea, ahirisha kazi yote hadi kesho.