Uniti ngapi zinaishia bafuni? Pima, kisha punguza

Chukua lita za maji, zidisha kwa nyuzi za joto unazoongeza, gawanya kwa 860. Jibu ni uniti za umeme. Asubuhi ya baridi Njombe au Mbeya, maji ya tanki yakiwa nyuzi 18 nawe ukitaka 40, ndoo ya lita 20 ni 20 × 22 ÷ 860, yaani uniti 0.51. Kwa mteja wa T1 (kundi la bei la TANESCO kwa matumizi ya kawaida) anayelipa shilingi 292 kwa uniti, na karibu 356 baada ya kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 180. Sinki la kujilaza lenye lita 100 hula uniti 2.56: zaidi ya shilingi 900 kwa mtu mmoja.

Mwenye D1, kundi la bei la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, ndiye wa kuchunga zaidi. Uniti yake ni shilingi 100 kabla ya tozo, ila nafuu hiyo inakomea uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni 350. Watu wanne wakioga ndoo moja moja kwa siku 30 wanamaliza uniti 61. Zinabaki 14 za taa, friji na pasi.

Wapo wanaochemsha birika na kuchanganya na maji ya baridi wakiamini wameokoa umeme. Joto linalohitajika ni lile lile. Faida ni kwamba birika lenye mfuniko hupoteza kidogo kuliko sufuria iliyo wazi.

Shawa ya umeme inategemea dakika. Ya wati 5,500 hula uniti 0.92 kwa dakika kumi, 0.46 kwa tano. Kwa maji ya nyuzi 18 inaweza kutoa lita 3.6 tu kwa dakika zikiwa na nyuzi 40. Kinga ndoo kwa dakika moja uone. Zikitoka lita sita, maji yatakuwa vuguvugu na umeme utakuwa ule ule, kwa hiyo punguza koki. Ikigoma kuwaka kabisa, mara nyingi presha ni ndogo, maana tanki liko chini mno na maji hayana nguvu ya kusukuma swichi ya ndani. Shawa hiyo inavuta ampea 24. Iwe na laini yake kutoka kwenye breka ya ampea 32, waya wa milimita 4 za mraba au zaidi, na ethi ya kweli. Waya wa 2.5 wa soketi utapata moto, na skrubu iliyolegea ndiyo huyeyusha viungio.

Ili kujua shawa yako inakula nini, zima vyote vingine na utazame taa nyekundu ya mita. Pembeni pameandikwa imp/kWh, yaani taa inamulika mara ngapi kwa kila uniti. Ikiwa ni 1000, shawa ya wati 5,500 itamulika kama mara 92 kwa dakika.

Hita ya tanki la lita 50, kutoka nyuzi 18 hadi 60, ni uniti 2.4, na elementi ya wati 1,500 inachukua zaidi ya saa moja na nusu. Ukiiacha imewashwa kutwa kucha, unalipia pia joto linalopotea kupitia bati la tanki. Iwashe kabla ya kuoga tu. Usishushe joto chini ya nyuzi 50 kwa muda mrefu, bakteria hustawi humo. Chokaa kwenye elementi haiongezi uniti sana, inaiunguza.

Hita ya kuzamisha ya wati 1,000 humaliza ndoo kwa nusu saa. Zamisha kwanza, ndipo uwashe. Zima na uchomoe, ndipo uguse maji. Wengi wanaonja joto kwa kidole ikiwa imewaka, na hapo ndipo watu hufa.

Gesi je? Kilo moja kwenye jiko la kawaida huyapa maji joto la kama uniti 6.5. Mtungi wa kilo 6 ukiununua shilingi 24,000, kila "uniti" ni zaidi ya 600, ghali kuliko umeme wa T1. Mkaa ni wa kutumia ukishapika, joto lililobaki ni la bure, lakini jiko lisiingie bafuni: gesi yake huua bila harufu.

Rahisi kuliko vyote ni dumu jeusi juani tangu asubuhi. Maji yakifika nyuzi 30 jioni, zimebaki 10 tu za kulipia kati ya 22.