Kabla hujagusa triga ya bunduki yako ya kuwinda

Kwanza makaratasi. Leseni iwe hai, na kazi ya kulainisha triga uipeleke kwa fundi wa silaha anayetambuliwa na polisi, si yule wa kuchomelea mageti. Toa risasi zote, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho halafu ingiza na kidole. Hapo hatubishani.

Halafu pima. Watu wanalia triga nzito na hawajui ni nzito kiasi gani, chukua mizani ya kuning'iniza ile ya wauza samaki, ifunge kwa triga, vuta pole pole mara kadhaa usome namba. Kwa kuwinda, kilo moja na nusu hivi inatosha kabisa. Zile nyepesi nyepesi waachie wapiga shabaha, wewe utakuwa kwa nyasi za Kiruhura, Uganda, mikono imejaa jasho na mbogo amegeuka anakuangalia.

Safisha pia. Mara nyingi ugonjwa wote ni vumbi na oili iliyoganda. Kama triga ina skrubu za kurekebisha, soma kitabu chake, zungusha kidogo kidogo.

Sasa jiwe la kunolea, lile mafundi wanasugulia vyuma vya ndani ili triga iwe laini, hapo ndo nataka mnisikilize. Vile vichuma viwili vinavyoshikana ndani mpaka uvute triga, vingi vimetiwa ugumu juu juu tu, ukisugua sana unafika kwa chuma laini na kinaanza kulika. Kuna jamaa tulikuwa tunatoka naye, fundi alimsugulia, nyumbani triga ikawa laini kama siagi, akatamba wiki nzima. Tumefika porini, afande wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, yuko mbele yetu, jamaa akasukuma bolti, kile chuma cha kuingizia risasi chemba, haraka kupakia, kidole kiko mbali na triga, ikalia yenyewe. Bahati mdomo wa bunduki ulikuwa chini. Risasi ilichimba udongo pembeni ya buti za afande, vumbi likamrukia hadi magotini, akageuka, akanyoosha mkono akachukua bunduki bila neno na safari ikaishia hapo. Fundi mwingine alipoifungua tuliona ukingo wa kile kichuma kilichosuguliwa umeviringika, ulikuwa unashikilia kwa huruma tu.

Kwa hiyo ukirudishiwa, ikiwa tupu, funga bolti kwa nguvu mara nyingi, gonga kitako na nyundo ya mpira. Weka sefti, kile kizuizi cha usalama, vuta triga, achia, toa sefti. Pini ya kugonga risasi ikianguka hata mara moja kwenye majaribio hayo, rudisha kwa fundi, usibebe porini.

Na msiniambie triga ya kiwandani ambayo haijaguswa haina shida. Mwaka 2014 Remington, watengenezaji wa bunduki wa Marekani, waliita zirudi bunduki zao za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, za kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, sababu gundi ilizidi ndani na zingeweza kujifyatua.

Basi, usipakie mapema ndani ya gari, usimpe mgeni bunduki bila kumwambia triga imeguswa, na mtu wa nyayo, yule anayefuata alama za mnyama, asitembee mbele ya mdomo wa bunduki hata kama sefti imewekwa.