Usimrudishe nyuma jenerali wako ovyo

Wadogo zangu wa Ligula na Magomeni mnaocheza Rome: Total War ya 2004, ule mchezo wa kompyuta wa kuongoza ukoo na majeshi yake kwa zamu, naona mkibanwa kidogo tu mnabonyeza kurudi nyuma. Angalieni sana hapo. Jenerali anayezoea kukimbia vita anaweza kupachikwa sifa ya uoga, na sifa hiyo inashusha morali ya askari wote anaowaongoza. Hata ukiwa na jeshi kubwa, linavunjika mapema. Inauma, maana jenerali ni mtu wa ukoo wako na umemlea zamu nyingi.

Kuna hili pia: ukirudi nyuma mara moja, adui akikufuata tena zamu hiyohiyo, huna ruhusa ya kukwepa. Utapigana hapo ulipo, na ukishindwa jeshi linaweza kuisha lote.

Mimi nikiona hatari, namtoa jenerali mapema kwenye zamu yangu, namwingiza mjini. Kikosi cha nje nakiachia kapteni, kwa sababu yeye hana sifa za kuharibika. Na akipata ushindi wa kishujaa, mchezo unaweza kukuuliza kama unataka kumwingiza kwenye ukoo. Kubali.