Kabla hujaingiza disketi ya zamani kwenye draivu

Kama una boksi la disketi za miaka ya 1980 au 1990 kabatini, usikimbilie kutafuta draivu. Jua kwanza disketi iliandikwa na mashine gani. Disketi mbili za inchi 3.5 huwezi kuzitofautisha kwa macho, ila moja ni ya Amiga, kompyuta ya nyumbani ya enzi hizo (880 KB), nyingine ya Macintosh, kompyuta ya Apple (800 KB), na PC, yaani kompyuta za kawaida za DOS na Windows, haisomi hata moja. Macintosh ilibadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa (kile kinachosoma na kuandika) kilivyosogea kuelekea katikati, wakati draivu ya PC huzunguka kwa kasi ileile mwanzo mwisho. Amiga iliandika kwa mpangilio wake ambao PC haiutambui.

Hapo ndipo watu hupoteza kazi zao. Windows itakuambia disketi haijafomatiwa, na itakuuliza kama uifomati. Kataa! Disketi si tupu. Kompyuta tu ndiyo haiielewi. Ili usiponzwe na kidole, zuia uandishi mapema: kwenye ya inchi 3.5 sogeza kile kiplastiki mpaka tundu liwe wazi. Ya inchi 5.25 ni kinyume, pengo la pembeni ndilo linalozibwa kwa stika.

Kwa sisi wa Mwanza, unyevu wa ziwa ni adui mkubwa. Vuta kifuniko cha chuma kwa kidole, zungusha kitovu taratibu kutoka upande wa nyuma, angalia sahani laini ya ndani kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe ni ukungu, na disketi hiyo isiingie draivu kabisa. Ukungu hunasa kwenye kichwa, kisha kichwa kinakwangua disketi inayofuata, ambayo pengine ilikuwa nzima.

Draivu za USB zinazouzwa madukani husoma za PC tu, yaani 720 KB na 1.44 MB. Kwa nyinginezo utahitaji draivu ya zamani isiyo ya USB pamoja na kifaa kama Greaseweazle au KryoFlux, ambacho hunakili mapigo ya sumaku jinsi yalivyo na kuiachia programu kazi ya kuyafasiri. Mashine yako ya zamani ikiwa bado inawaka, kuna njia rahisi zaidi: kebo ya siriali ya kuhamishia faili kwenda kompyuta nyingine, au, kwa Amiga yenye Workbench 2.1 (programu endeshi yake), CrossDOS, programu inayosoma na kuandika disketi za PC za 720 KB.

Angalia na umeme. Mashine iliyotoka Marekani huenda ni ya volti 120, nasi tuna 230. Ichomeke kupitia transfoma. UPS (betri ya akiba) nayo iwepo, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, disketi inaweza kuharibika.

Wenye faili za Macintosh wana kazi ya ziada. Faili nyingi zina sehemu mbili, na ukizinakili moja kwa moja kwenye disketi ya PC, moja hupotea. Programu haitafunguka tena. Zifungashe kwanza ziwe faili moja kwa StuffIt au BinHex, ukiwa bado kwenye Macintosh yenyewe.